MIZANI NA MKONO WA MPIMAJI

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeamrisha uadilifu na kukataza dhulma. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, liko suala moja ambalo watu wengi hulipita mbio bila ya kulisimamia. Nalo ni hili: Je, sharia isiyomtaja mtu kwa rangi yake, wala kwa nasaba yake, wala kwa jina lake, yaweza kuwa sharia ya dhulma? Wengi watajibu upesi kwamba haiwezi, kwa kuwa maneno yake ni mamoja kwa watu wote, na maneno yakiwa mamoja hukumu huwa moja. Nami nalikuwa katika hao wasemao hivyo, mpaka nilipofikwa na jambo nitakalolieleza mwishoni mwa karatasi hizi.

Mfano wake uko sokoni. Mwenye duka akiwa na pishi mbili, moja kubwa ya kununulia mtama wa mkulima na moja ndogo ya kuuzia watu wa mji, hapana atakayeshuku kuwa yule ni mwizi. Lakini huenda pishi ikawa moja tu, tena sahihi, na wizi ukawa katika mkono: huyu hupimiwa kwa kilele, na yule hupimiwa kwa kukung'utwa. Pishi haina kosa, lakini mtu amedhulumiwa. Na kila asomaye Kurani ajua kwamba iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, nayo imeanza kwa kuwaonya. Basi wazee wetu wakafahamu kuwa kipimo ni amana, na amana hiyo i katika mkono zaidi kuliko ilivyo katika pishi.

Khabari niliyoichagua kwa kulieleza suala hili ni ya nchi ya mbali, Marekani, na ya watu weusi walioingia katika kazi za serikali huko baada ya kutoka utumwani. Nimeichagua ya mbali kwa sababu mwanadamu huiona aibu ya jirani kabla ya yake, na akiisha kuichukia huko huwa tayari kuitambua nyumbani.

Katika mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina, mwaka 1839, alizaliwa mtoto wa kiume katika kibanda cha watumwa kilichokuwa nyuma ya nyumba ya bwana. Jina lake Robert Smalls. Alipotimia miaka 12 akapelekwa bandari ya Charleston, akakodishwa kwa kazi, na ujira wake ukamwendea bwana wake. Akawasha taa za njiani, akatumika hotelini, mwisho akaangukia gatini, na huko baharini ndiko ilikodhihiri akili yake. Akaijua bandari ile, mikondo yake na mafungu yake na vina vyake, kama nahodha wa Lamu anavyoujua mlango wa Shela.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Smalls alikuja kutumika katika merikebu ya moshi iitwayo Planter, chombo cha jeshi la majimbo ya kusini yaliyokuwa yakipigania utumwa udumu. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya urubani. Lakini jina la rubani lilikuwa halipewi mtumwa, kwa hivyo akaitwa mshika usukani tu. Tazama, ndugu yangu: kazi walimpa, jina la kazi wakamnyima.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, nahodha na wasaidizi wake weupe walikwenda kulala mjini. Smalls na wenziwe, wote watumwa, wakawasha moto wa merikebu, wakang'oa, wakapitia gati jingine kuwachukua wake zao na watoto. Smalls akavaa kofia ya nahodha, akasimama kama asimamavyo nahodha, akapiga honi ishara zilizotakiwa mbele ya ngome moja baada ya moja, hata ngome kubwa ya Fort Sumter ikampa njia. Walipokuwa mbali na mizinga wakateremsha bendera, wakapandisha shuka nyeupe, wakaikabidhi merikebu kwa manowari za serikali ya Muungano. Umri wake ulikuwa miaka 23. Mwaka uliofuata akafanywa nahodha wa merikebu ile ile.

Sasa sikiliza neno ambalo ndilo shina la maneno yetu. Mtu huyu, usiku ule alipoipitisha merikebu gizani mbele ya ngome, alikuwa hakujua kusoma. Kusoma alijifunza baada ya kuwa huru. Wala hakuwa hakujua kwa uvivu: sharia ya South Carolina ya mwaka 1834 ilikuwa ikimwadhibu mtu anayemfundisha mtumwa kusoma au kuandika. Mlango wa ilimu ulifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa serikali.

Tena bandari hiyo hiyo ya Charleston ndiyo aliyoshushwa, mwaka 1807, Omar ibn Said, Mwislamu wa Futa Toro katika nchi ya mto Senegal, ambaye alikuwa ametumia miaka mingi kusoma kwa mashekhe kabla ya kutekwa. Alipofungwa gerezani kwa kumkimbia bwana wake, aliandika ukutani kwa Kiarabu. Mwaka 1831 akaandika khabari ya maisha yake kwa lugha hiyo, na mswada wake umehifadhiwa hivi leo katika maktaba ya Bunge la Marekani. Mtu aliyeandika kitabu kwa mkono wake aliuzwa sokoni na watu ambao baadhi yao hawakuweza kuandika hata majina yao. Basi usomi wake haukumfaa kitu, kwa sababu mizani haikuwa ya usomi. Ilikuwa ya rangi, nayo ilikuwa haijaficha jina lake.

Vita vilipokwisha mwaka 1865 utumwa ukafutwa, na miaka michache baadaye watu weusi wa kusini wakapata haki ya kura. Katika South Carolina wao ndio waliokuwa wengi. Mwaka 1868 ulifanywa mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, na Robert Smalls akawa mjumbe wake. Katika mambo aliyoyapigania ni skuli za serikali zilizo wazi kwa watoto wote bila ya malipo. Aliyenyimwa herufi ndiye aliyesimama kuwatakia wengine herufi. Kisha akaingia baraza la jimbo, na mwaka 1875 akaingia Bunge la nchi mjini Washington. Wala hakuwa peke yake: Hiram Revels wa Mississippi alikuwa amekwisha kukaa katika Seneti tangu mwaka 1870, ijapokuwa wako waliopinga asiapishwe, kwa hoja ya kuwa mtu mweusi hakuwa raia kwa miaka ya kutosha. Ndiyo mizani ile ile tena: nchi iliyomkatalia mtu uraia yaja kumhesabia miaka ya uraia.

Baadaye upepo ukageuka. Jeshi la serikali kuu likaacha kuwalinda watu weusi mwaka 1877. Wapigaji kura wakatishwa, wengine wakauawa. Lakini vitisho vyataka kurudiwa kila mwaka wa kura, navyo vyaonekana na vyatia aibu. Wakubwa wa kusini wakatafuta njia ya kimya. Mississippi ikatangulia mwaka 1890, na mwaka 1895 South Carolina ikaitisha mkutano wa katiba nyingine. Wajumbe walizidi 150, na weusi katika hao walikuwa 6 tu. Mmoja wao alikuwa Robert Smalls, na umri wake sasa miaka 56.

Katiba ile haikuandika popote kwamba mtu mweusi asipige kura. Ilisema kuwa mtu awe amelipa kodi ya kichwa miezi sita kabla ya uchaguzi. Ikasema kuwa ajue kusoma na kuandika kifungu chochote cha katiba, au awe na mali ya kulipiwa kodi isiyopungua thamani ya dola 300. Na kwa muda wa mwanzo, mpaka kuingia mwaka 1898, asiyejua kusoma aliweza kuandikishwa akikifahamu kifungu anaposomewa. Na ni nani wa kuamua kwamba amefahamu? Ni karani wa kuandikisha. Karani alikuwa mtu mweupe, na kifungu huchagua yeye, chepesi au kizito. Mweupe asiyejua alif wala be aliambiwa, "Umefahamu." Mweusi mwenye skuli yake aliambiwa, "Hujafahamu." Pishi ni moja, angalia mkono.

Smalls alizungumza katika mkutano ule akapinga. Mambo yalipopitishwa kinyume chake, alikataa kuitia sahihi katiba ile. Wasimuliao maisha yake wasema kuwa aliambiwa asiyetia sahihi hatapewa ujira wake wala nauli ya kurudia kwao, naye akajibu kwamba ni bora arudi Beaufort kwa miguu.

Hapa atasimama msemaji aseme: "Ewe mwandishi, umetuelemea upande mmoja. Je, si haki anayechagua wakubwa wa nchi awe na maarifa? Hata sisi hatumtangulizi mtu katika sala illa ajue kusoma Kurani." Suala hili ni zuri, nalo lataka jawabu la insafu.

Jawabu ni kuwa kumtahini mtu kwaweza kuwa haki, lakini kwa sharti tatu. Sharti ya kwanza ni kwamba jambo linalotahiniwa liwe ndilo linalotakiwa na kazi. Imamu hutahiniwa kisomo kwa kuwa kazi yake ni kisomo. Rubani hutahiniwa maji. Sharti ya pili ni kwamba mlango wa kujifunza uwe ulikuwa wazi kwa anayetahiniwa. Amvunjaye mtu mguu hana haki ya kumshindanisha mbio, kisha akasema ameshindwa kwa haki. Sharti ya tatu, nayo ndiyo ihukumuyo mbili za kwanza, ni kwamba mtahini na jamaa zake watahiniwe kwa mtihani ule ule.

Pima basi mambo ya South Carolina kwa sharti hizi, uone kama iko hata moja iliyotimia. Na jimbo la Louisiana lilizidi kwa ujasiri mwaka 1898. Liliweka sharti ya kusoma na sharti ya mali, kisha likasema kuwa yule ambaye yeye au baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kura kabla ya tarehe 1 Januari 1867 amesamehewa zote mbili. Na ni nani ambaye babu yake alikuwa na haki hiyo siku zile? Maneno hayakutaja rangi, yalitaja babu. Watu weusi walioandikishwa kupiga kura katika jimbo lile walikuwa 130,334 mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342.

Atarudi msemaji: "Lakini hao wakubwa weusi walipopewa madaraka waliiba. Huyo Smalls wako mwenyewe alihukumiwa kwa rushwa." Sitaificha khabari hiyo. Mwaka 1877 alishitakiwa kwamba alichukua rushwa ya dola 5,000 katika kazi ya kupiga chapa karatasi za serikali, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Yeye alikana, na mwaka 1879 gavana wa jimbo akamsamehe. Wako waliosema kuwa kesi ile ilikuwa ya siasa. Lakini tuseme, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba alikosa. Kosa la mtu mmoja lavua haki ya watu laki ngapi? Wakubwa weupe walioiba mali ya umma katika zama zile ni wengi, wala hapana aliyesema, "Basi Wazungu wasipige kura tena." Mweupe akiiba ameiba fulani bin fulani, mweusi akiiba yasemwa wameiba weusi. Hii nayo ni pishi ya pili, na yaweza kuwa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu humfanya mtu wa kundi lile asimame katika kazi ya umma amebeba shingoni mwake makosa ya kila mwenziwe, ya waliokufa na ya ambao hawajazaliwa.

Sharia hizi zilipelekwa mbele ya mahakama kuu ya nchi. Mwaka 1898 mahakama ikaipitisha sharia ya Mississippi, kwa hoja kwamba maneno yake hayapambanui watu kwa rangi. Majaji waliitazama pishi, hawakuutazama mkono. Mwaka 1901 George Henry White wa North Carolina akatoka katika Bunge, na baada yake hakukaa mtu mweusi humo mpaka mwaka 1929, alipoingia Oscar De Priest wa mji wa Chicago, mbali na kusini. Robert Smalls akafariki mwaka 1915 katika nyumba ile ile ya Beaufort ambayo nyuma yake alizaliwa mtumwa; alikuwa ameinunua.

Mitihani hiyo ya kusoma iliendelea kusini mpaka sharia ya kulinda haki ya kura ilipotiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965, baada ya watu kupigwa, kufungwa na kuuawa. South Carolina ikaenda mahakamani kuipinga sharia ile, na mwaka 1966 ikashindwa. Katika Mississippi watu weusi walioandikishwa hawakufika 7 katika kila 100 kabla ya sharia ile. Mwaka 1967 walikaribia 60. Je, watu wale walipata akili na ilimu katika miaka miwili? Hapana. Ni mkono wa mpimaji ndio ulioshikwa. Na South Carolina, ambayo mjumbe wake mweusi wa mwisho wa zama zile alitoka Bungeni mwaka 1897, haikupeleka mwingine mpaka mwaka 1993.

Ndugu yangu, usidhani kuwa haya ni ya Marekani peke yake. Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sharia kwa mara ya kwanza, mwaka 1957, serikali ya kikoloni iliwapimia kura: huyu moja, huyu mbili, huyu tatu, kwa kadiri ya skuli yake, mali yake, mapato yake na utumishi wake. Na mwenye kupima ndiye aliyekuwa akiamua skuli ijengwe wapi. Wazee wetu waliliona hilo, wakanung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika.

Lakini sasa nataka tujitazame wenyewe. Utumwa ulifutwa kwa sharia Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Umepita umri wa mtu na zaidi. Je, umefutwa katika vinywa vyetu tunapokaa barazani? Nitaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu.

Katika mji mmoja wa pwani, ambao sitautaja, tulikutana baada ya sala ya isha kumchagua mweka hazina wa mali ya wakfu. Akatajwa mtu mmoja aliyekuwa mvuvi, kisha akafungua duka. Hesabu zake zajulikana ni safi, na mali ya mayatima imepita mkononi mwake isipungue hata senti. Lakini babu yake mzaa baba alikuwa mzalia, na watu wa mji walijua hilo. Usiku ule hapana aliyelitaja. Mmoja wetu akasema kwa upole, "Kazi ya wakfu ni kazi ya dini, na yafaa mwenye kuichukua awe na ilimu. Na atusomee kidogo." Kikaletwa kitabu cha fikihi kisichotiwa irabu, akaambiwa asome na afasiri. Akasoma mstari mmoja, akakwama katika wa pili. Akakifunga kitabu, akakirudisha kwa mikono miwili, akasema, "Mashekhe zangu, mimi ni mtu wa daftari tu." Akaaga, akatoka.

Akachaguliwa mwingine, mtu wa ukoo mkubwa, naye hakuletewa kitabu. Aliyeishika kazi hiyo kabla yake hakuletewa kitabu. Mimi niliyekaa katika kamati ile sikuletewa kitabu. Likapitishwa daftari la mkutano tutie sahihi, nami nikatia.

Robert Smalls alikataa kutia sahihi mbele ya watu zaidi ya 150, katika jimbo ambalo mtu mweusi aliweza kuuawa kwa chini ya hilo. Mimi nilitia mbele ya watu tisa, na nilichokiogopa ni kununiwa barazani.

Baada ya siku saba nilimwendea yule ndugu dukani kwake. Akanikaribisha, akanimiminia kahawa, wala hakunionyesha uso wa ghadhabu. Nilipoanza kujieleza akanikata kwa adabu, akasema, "Maalim, kitabu sikukijua, na hilo ni kweli. Nalitaka kujua jambo moja tu: ni nani mwingine aliyeulizwa?" Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sinalo.

Suala lile ndilo ninalokuachia, ewe msomaji, ulichukue pamoja nawe kila utakapokaa katika baraza la kumchagua imamu, au mzee wa mtaa, au mjumbe wa Bunge, au posa inapoletwa mlangoni pako. Sharti ikitajwa, usiishie kuuliza kama ni sharti njema, kwa kuwa dhulma hupenda kuvaa kanzu ya sharti njema. Uliza: ni nani mwingine aliyeulizwa? Ikiwa ni wote, na itimizwe. Ikiwa ni mmoja tu, basi jua kwamba mtu anapimwa babu yake na pishi imeletwa ili kuificha mizani.

Nami nimewaandikia wenzangu wa kamati kwamba naiondoa sahihi yangu, na kwamba mtihani ule ama tuufanye sote, nikiwa mimi wa kwanza, ama tuufute. Hawajanijibu. Twamwomba Mwenyiezi Mungu atuonyeshe haki hali ni haki na atupe nguvu ya kuifuata, kabla ya siku ambayo sisi nasi tutapimwa, na mpimaji hatakuwa jamaa yetu.

Wabillahi taufiki.